Mawe Manne ya Safu ya Tatu

Sonara alikuwa na tabia mbaya ya kuwasimamisha wanawake wa watu na kuwaambia kwamba pete zao zinasema uongo. Siku moja tulikuwa Edgware Road, kwenye mkahawa wa Waarabu alikokunywa kahawa yake kila Jumamosi, akainuka ghafla akaenda meza ya jirani alipokaa mama mmoja wa Kiomani na binti zake wawili. Akatoa salamu kwa adabu zote, kisha akasema, "Samahani mama, hiyo si yakuti. Hiyo ni spineli."

Yule mama alikuwa na Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko changu. "Mume wangu kainunua Geneva," akajibu.

"Basi kaibiwa Geneva. Lakini usihuzunike, ni nzuri kuliko yakuti. Hiyo imetoka Mahenge, kwetu. Tazama wekundu wake, haujifichi."

Waliondoka chai zikiwa nusu. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Yeye alirudi kitini akiwa ameumia kweli, akanung'unika mpaka kahawa ikapoa: kamsifia mtu kito chake na mtu kanuna. "Watu wanapenda bei," alisema, "hawapendi jiwe."

Alikozaliwa na ukoo wake sitaeleza, kwa sababu hakuyapenda maswali hayo na mimi sikuyauliza. Sote tulimwita Sonara. Hata Wazungu wa lile jengo walimwita hivyohivyo, wakidhani ndilo jina alilopewa na mama yake, na katika miaka yote ile hakuna hata mmoja aliyepata kuuliza.

Jengo lenyewe lilikuwa katika mtaa wa masonara hapa London, nami nilikuwa mfagizi wake. Karakana ilikuwa ghorofa ya juu kabisa. Tulijuana kwenye ngazi. Nilikuwa na ndoo mkono mmoja na simu mkono wa pili, namtukana kaka yangu wa Tanga aliyeoa bila kuniambia, nikiamini kwamba London nzima hakuna anayenielewa. Mlango ukafunguka, akatokea mzee mfupi mwenye sweta la kijivu na kioo cha kukuzia kwenye jicho moja, kama bundi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mwanangu, matusi ya Tanga hayasemwi mbio hivyo. Yanavutwa." Nikacheka mpaka kaka yangu akakata simu.

Jambo la kwanza nililojifunza kwake ni kwamba hakuchagua jiwe kwa taa. Alichagua kati ya saa nne na saa sita mchana, kwenye dirisha la kaskazini, juu ya karatasi nyeupe. Ikiwa ni Novemba na wingu limelala juu ya mapaa, alikaa na mikono mapajani akingoja, hata kazi ikiwa inadaiwa kesho. Mwenye karakana, Mwingereza mwenye haraka zake, alimnunulia taa za gharama zilizosemekana kuwa sawa na mwanga wa jua. Sonara alizitundikia koti.

"Taa ni mshenga," alikuwa akiniambia. "Anakueleza mazuri tu. Kama unataka kuoa, nenda ukamwone bibi harusi asubuhi."

Yeye mwenyewe, mtu wa rangi, hakuvaa rangi. Sweta la kijivu, suruali ya kijivu, na nyumbani kwake Tottenham, katika fleti ya kaunsili, yaani ya halmashauri, mapazia ya kijivu. Hakuwa na pete. Mke wake, Mungu amrehemu, hakuwahi kuvaa jiwe hata moja, na nilipomuuliza Sonara sababu, alinijibu kwamba mpishi wa hoteli akirudi nyumbani anakula mkate na chai. Kingine kilichonichosha ni kwamba mtu huyu asiyeweza kuivumilia pete ya uongo alikuwa mwongo wa kutupwa mbele ya daktari wake. Nilikuwa nimeacha kufagia nikaingia kazi ya kutunza wazee, kwa hiyo nilimpeleka kliniki mwenyewe, nikamsikia kwa masikio yangu akiapa kwamba hajagusa halua tangu Ramadhani. Halua ilikuwa mfukoni mwake. Alipofanyiwa upasuaji wa macho, swali lake moja tu kwa daktari lilikuwa kama lenzi mpya ina rangi yoyote.

Ukimtaja Muitaliano, hapo ulikuwa umefungua mlango usiofungika. Aliwapenda na kuwachukia kwa pumzi moja. Alinieleza mara nyingi, nikiwa nimeegemea ufagio, jinsi hapo zamani masonara wa Italia nao walivyokuwa wakiiga Paris: almasi juu ya platinamu, weupe juu ya weupe. "Wodi ya hospitali," alisema. Halafu baada ya Vita Kuu ya Pili wakachoka kuiga. Wakaichukua dhahabu ya njano, wakaacha kulichonga kila jiwe pembe pembe, wakalisugua likawa na mgongo wa mviringo kama tone la asali. Na wakafanya jambo ambalo kwa Sonara lilikuwa kubwa kuliko yote: waliliweka zumaridi kando ya feruzi, na yakuti kando ya amethisti, lile la mfalme na lile la muuza duka, kwa sababu tu rangi zinapatana.

Maana biashara ya vito ina neno lake la matusi, "nusu thamani." Almasi, yakuti na zumaridi ni mawe ya thamani, na mengine yote duniani ni nusu. Garneti ya kijani inayotoka Tsavo na Simanjiro, nusu. Spineli, nusu. Mawe ya Bonde la Umba, nusu. Sonara alilichukia neno hilo kama mtu anavyochukia jina baya la utotoni. "Nusu kwa nani?" aliuliza. "Nani kapima? Muitaliano ndiye Mzungu wa kwanza kuniambia kwamba rangi haina nusu." Uso ukamng'aa. Kisha kabla hujapumua: "Na Muitaliano huyohuyo atakupiga busu huku anakupapasa mfuko."

Busu hilo nililiona. Karakana ilikuwa ikifanya kazi za nyumba moja kubwa ya vito ya Roma, na siku moja akaja mbunifu wao, bwana mwenye skafu ya hariri, na mchoro wa kidani. Ulikuwa wa almasi na yakuti samawi, bluu na nyeupe, sare ya shule. Sonara aliutazama, akasema samahani, wakati wa sala umefika. Akatandika msala wake pale chini ya dirisha. Ulikuwa msala wa ukili uliosukwa kwao, vipande vimetiwa rangi ya zambarau, kijani na chungwa, vikashonwa ubavu kwa ubavu. Aliposali na kukunja, yule Muitaliano alikuwa bado anautazama. "Hicho ndicho kidani," Sonara akamwambia. "Safu saba, kila safu mawe kumi na mawili, na dhahabu katikati iwe nyepesi, ijikunje kama mkeka."

Wiki tatu zilizofuata nilikatazwa kufagia karibu na dirisha. Mawe themanini na manne yalilala juu ya karatasi, kando yake msala. Kila asubuhi aliyasogeza. Safu ya tatu ndiyo iliyomsumbua, kwa sababu aliijaza garneti za Umba za aina ile yenye nyuso mbili: kwenye taa ni zambarau iliyokolea wekundu, ukizipeleka kwenye mwanga wa mchana zinageuka kijani. Alitaka mwanamke akitoka karamuni usiku avae kidani kimoja, na kesho yake mchana akute ana kingine. Kupata kumi na mbili zinazogeuka kwa pamoja, kwa kijani kilekile, kulimtoa jasho. Muitaliano aliporudi na kuona, akapiga picha karatasi, akapiga picha msala, akasema maneno mengi matamu na kumbusu Sonara mashavu yote mawili. Mzee wa watu aliona haya mwezi mzima.

Halafu kidani kikaenda Roma. Habari zake hatukuzisikia tena.

Miaka ikapita. Mwaka jana nilikuwa kwenye ngazi za umeme za treni ya chini, natoka kwenye shifti, nikainua macho. Kidani kilikuwa ukutani, kikubwa kama mlango, tangazo la maonyesho yajayo ya vito vya Italia kwenye jumba moja la makumbusho. Nilisimama vibaya hata mtu akanigonga mgongoni. Nikafungua simu palepale nikasoma maelezo. Jina la bwana wa skafu. Kimetengenezwa Roma. Ubunifu wake, walisema, ulitokana na sakafu za mawe za mabafu ya Kirumi.

Mabafu! Mimi niliyepita kando ya ule msala na ufagio wangu, wiki tatu nimebana pumzi, leo naambiwa sakafu ya bafu.

Nilimpelekea Sonara ile picha siku hiyohiyo. Aliitazama kwa muda, akanirudishia simu. "Wamepiga picha kwa taa," akasema.

"Mzee, hilo ndilo uliloliona? Wamekuibia!"

"Kwa taa, mwanangu. Safu ya tatu yote imelala."

Nilirudi kwangu Barking nikiwa nawaka. Binti yangu amezaliwa hapa, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, lakini hasira ameirithi nzima. Nilipomaliza kumsimulia akasema, "Mum, that's literally theft. Email them." Wizi mtupu, niwaandikie watu wa makumbusho. Nikamtajia maneno, akaandika. Aliondoa matusi yangu matatu na methali moja, akasema hayatasaidia. Tuliandika mara nne. Nilichotaka kilikuwa kidogo kabisa: jina la Sonara kwenye kikadi cha maelezo kitakachowekwa chini ya kidani. Sikutaka fidia, wala sherehe. Nilitaka jina lisomeke angali hai, na kwa umri wake nilijua hatuna muda wa kuchezea.

Walijibu kwamba wanahitaji hati. Hati gani? Karakana ilishafungwa, mwenye nayo alishakufa, na fundi aliyekaa dirishani nani alimpa hati? Yule bwana wa skafu alikuwa na mchoro, picha na sahihi. Sonara alikuwa na vidole. Niliandika hivyo hivyo, na safari hii binti yangu hakufuta kitu.

Nadhani ndicho kilichomgusa msimamizi wa maonyesho. Alituita mimi na Sonara asubuhi moja, kabla ya ufunguzi. Alikuwa mwanamke mstaarabu, tena mkweli, simlaumu kwa yote. Akatueleza utaratibu: Sonara aeleze kidani jiwe kwa jiwe kabla ya kukiona, yeye atalinganisha na hati za wenye mali. Sonara akakubali kwa sharti moja, kwamba atasema kwa Kiswahili nami nitafsiri. "Rangi nikizisema kwa Kiingereza zinapauka," alisema.

Akafumba macho akaanza. Kijani cha mgomba mchanga. Kijani cha kisamvu kilichoiva. Chungwa la embe dodo upande uliopigwa jua. Mimi natafsiri "dark green, light green," naye kila mara anafumbua jicho moja, ananitazama na kuguna. Safu ya kwanza ikapatana na hati. Ya pili ikapatana. Yule mama alikuwa anaweka alama kwa penseli, na mkono wake ukaanza kwenda haraka.

"Safu ya tatu," akasema Sonara, "garneti za Umba kumi na mbili, zote za nyuso mbili."

Penseli ikasimama. "Hati yangu inasema safu ya tatu ni amethisti," akasema yule mama kwa upole.

Sonara akacheka. "Mwambie akipeleke dirishani."

Nilimwambia. Alisita, akavaa glavu, akatoa kidani kabatini na kukiweka juu ya trei yenye mahameli. Chini ya taa kilikuwa kama kwenye tangazo. Akapandisha pazia, akakibeba hatua kwa hatua hadi kwenye mwanga. Na ile safu ya tatu ikageuka. Naapa niliona. Zambarau ikaondoka kama inayofutwa, kikaja kijani, jiwe baada ya jiwe. Yule mama alisema "Oh" ndogo kabisa. Wataalamu wa Roma walikuwa wamekaa na kidani miaka yote hiyo na hakuna aliyekipeleka dirishani!

Lakini Sonara alikuwa ameinama na sura imembadilika. Alihesabu kwa kidole, bila kugusa. Mawe manane yaligeuka. Manne, la sita hadi la tisa, yalibaki zambarau.

"Haya nani kayaweka?" akauliza.

Yule mama alileta kioo, akatazama nyuma, akakiri kwamba vishikizo vya mawe yale manne vimefunguliwa na kufungwa upya. Labda yalipotea, akasema. Labda yalibadilishwa wakati kidani kinauzwa, na aliyebadilisha aliyalinganisha kwa taa. Kisha akamgeukia Sonara kwa heshima ambayo sitaisahau, akasema hakuna mwingine duniani angeweza kujua jambo hili isipokuwa aliyekitengeneza, na kwamba yeye binafsi ameridhika. Akatoa fomu. Ilikuwa na mistari mitatu tu. Asaini, na jina litaingia kwenye kikadi.

Nilimsomea: mimi ndiye fundi niliyekitengeneza kidani hiki kama kilivyo.

"Kama kilivyo?" akauliza Sonara.

"Kama kilivyo."

"Muulize kama maneno hayo yanaweza kuondolewa."

Hayakuweza. Fomu ilitungwa na wanasheria wa wenye kidani, na bila hayo maneno hawakubali jina lolote. Sonara akaiweka kalamu mezani, sambamba na karatasi, kama anavyoweka vifaa vyake akimaliza kazi. "Basi hiki si changu," akasema.

Jamani! Nilipandwa na mori. Nilisahau nipo wapi. "Mzee, saini! Mawe manne kati ya themanini na manne! Nimeandika barua miezi, nimekosa shifti, mtoto kakesha kwenye kompyuta, leo wanakupa haki yako mkononi unaisukuma?"

Hakupandisha sauti. "Mwanangu, ukipika biriani ya watu mia, akaja mtu akatia vijiko vinne vya mchanga, utasimama mlangoni useme karibuni, mpishi ni mimi? Atapita mtu mwenye macho hapa. Atasema, Sonara ndiye aliyechagua haya."

"Hatapita mtu mwenye macho! Wenye macho wako wapi? Wamekiangalia miaka yote!"

"Atapita," akasema.

Yule mama, ambaye hakuelewa neno, alituangalia sisi wawili kisha akairudisha fomu kwenye bahasha. Tulirudi Tottenham kwa basi. Nilimfikisha mlangoni, nikamwambia shikamoo kwa meno, nikaondoka. Nilikuwa nimewakasirikia wanasheria wa Roma, nimemkasirikia bwana wa skafu, lakini zaidi ya wote nilikuwa nimemkasirikia yeye, kwa sababu wale wengine walikuwa wanafanya kazi yao ya kunyang'anya na yeye alikuwa anawasaidia. Sikumpigia simu wiki tatu.

Maonyesho yalipofunguliwa nilikwenda siku yangu ya mapumziko. Nililipa kiingilio kama watu wengine nikapanga foleni. Kidani kilikuwa katikati ya chumba chenye giza, taa zimekimulika pande zote, na watu wamekizunguka wanaguna kwa kustaajabu. Nikapenya mpaka kwenye kikadi. Jina la bwana wa skafu lipo. Roma ipo. Mabafu yapo. Lakini pale palipokuwa na neno amethisti sasa pameandikwa garneti za Bonde la Umba, na chini kabisa mstari mpya: "Mawe manne ya safu ya tatu, la sita hadi la tisa, si yale ya awali."

Nilisoma mara mbili nikidhani nimekosea. Yaani wamechukua hata hilo! Jicho lake wameliamini, wamelitumia kusahihisha makaratasi yao, bure, na jina wameliacha nje. Wamekomba sufuria mpaka ukoko. Nilipiga picha kile kikadi, mlinzi akaniambia nisitumie fleshi, nikamjibu kwa Kiswahili, tena kwa kuvuta.

Nilipanda treni ya Victoria line moja kwa moja hadi kwake. Alifungua mlango taratibu. Alikuwa amekonda katika wiki zile tatu. Sikukaa. Nikampa simu. "Soma walichokufanyia," nikasema.

Aliisogeza karibu na dirisha. Alisoma midomo ikicheza, kidole kikifuata maneno. Alipofika chini akarudia. Niliingoja hasira yake; niliitamani, nilikuwa nimeingoja muda mrefu.

"Wameandika," akasema. Alikuwa anatabasamu, mzee yule, tabasamu la mtoto aliyefuatwa mapema shuleni. "Wameandika hadi la sita na la tisa."

"Jina lako halipo! Sonara, hulioni? Halipo!"

"Nisomee wewe. Mstari ule wa chini."

Nikamsomea.

"Polepole. Hayo mengine yote ni yao. Huo mstari ni wangu."

Akafumba macho akingoja. Nikausoma tena, kwa sauti, na hasira zangu zote ndani yake, maana yeye alikuwa ametulia, na mtu mmoja mle chumbani ilikuwa lazima akasirike.